Nani Mwenye Njia ya Kwenda Sokoni?

Bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) kumwomba awapangie bei. Alikataa. Kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik na kuhifadhiwa na Abu Daud na Tirmidhi, aliwajibu kwamba mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, naye anatumaini kukutana na Mola wake pasipo mtu wa kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Jibu hilo limewafurahisha sana watetezi wa soko huria, na si ajabu. Huyu ni kiongozi wa dini na wa dola kwa pamoja, ana amri inayotiiwa, ana watu wenye shida mlangoni, na bado anaona kwamba kumlazimisha mwenye mali auze kwa bei asiyoitaka ni deni litakalomfuata Akhera. Lakini anayeishia hapo hajafika mwisho wa milango ya biashara katika vitabu vya Hadithi. Katika soko hilo hilo Mtume alikataza kuhodhi. Alikataza kuwaendea watu wa misafara nje ya mji kabla hawajafika sokoni. Alikataza mtu wa mjini kumshikia mbedui bidhaa na kumuuzia. Alikataza mnunuzi wa uongo kupandisha bei kwenye mnada. Mtu asiyetaka kuigusa bei alikuwa na haja gani ya kujishughulisha hivyo na yanayotendeka njiani na ghalani?

Swali hili si la wanafunzi wa fiqhi peke yao. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010 na Mamlaka yake. Na nyuma ya zote mbili iko sheria ya Marekani ya mwaka 1890, iliyobeba jina la seneta John Sherman. Mawakili na wachumi wanaozitumia wanajua kupima sehemu ya soko na kukokotoa faini. Sheria ya Tanzania ilipotungwa, kwa mfano, iliweka asilimia 35 ya soko kuwa moja ya vipimo vya kumwita mtu mwenye nguvu ya kutawala. Ukiwauliza kosa lenyewe ni nini, yaani mwenye kampuni kubwa amemkosea nani na kwa lipi, hapo majibu huanza kupishana. Wengi watasema ni bei: ukiritimba huipandisha, mlaji akaumia. Nadhani jibu hilo limeshika dalili likaacha ugonjwa. Kosa ni kumfanya mtu asiwe na pa kwenda. Bei ikipanda kwa sababu mvua haikunyesha, hakuna aliyedhulumu. Bei ikishuka mkononi mwa mtu aliyewafungia wenzake njia, dhuluma ipo tayari, hata kama hakuna anayelalamika bado. Makatazo ya Madina hushikamana yakisomwa hivyo, na yakisomwa kwa jicho la bei hugongana.

Nianze na lile la msafara, kwa sababu ndilo lililoelezwa kwa undani. Watu wanatoka bara na mazao na mifugo yao. Wamesafiri siku kadhaa, hawajui mjini leo kunauzwaje. Mfanyabiashara mjanja anawatangulia, anakutana nao njiani, anawaeleza hali ya soko kama anavyotaka yeye, kisha ananunua mzigo mzima. Hakuiba. Hakumshikia mtu panga. Amelipa taslimu, na muuzaji amemshukuru. Hata hivyo Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inaongeza kifungu ambacho wakili wa leo angekitamani: mwenye mali akishafika sokoni, ana hiari, akitaka atauacha uuzaji ule usimame na akitaka atauvunja. Tazama hiari hiyo inaanzia wapi. Haingoji mnunuzi akamatwe na uongo, wala bei ithibitike kuwa ndogo kupita kiasi. Wanazuoni wa baadaye walibishana kama ni sharti muuzaji awe amepunjwa, ila maneno ya Hadithi yenyewe hayakuweka sharti hilo. Inaanzia pale muuzaji anapoingia sokoni na kuona kwa macho yake kwamba kulikuwa na wanunuzi wengine.

Sasa liweke katazo hilo kando ya ndugu yake, lile la mtu wa mjini kumuuzia mbedui. Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alisema asiwe dalali wake. Mjini kuna mtu anayeijua bei, anamwambia mgeni asiuze leo, amwachie yeye mzigo, atauuza kidogo kidogo kwa bei nzuri zaidi. Huo ni msaada kwa muuzaji! Kama shabaha ingekuwa ni mbedui apate bei ya juu, katazo la kwanza lingefaa na la pili lingekuwa kichekesho. Kama shabaha ingekuwa ni watu wa mjini wapate bei ya chini, la pili lingefaa na la kwanza lisingekuwa na maana, kwani anayenunua njiani kwa bei ya kutupa huenda akawauzia wenzake rahisi. Kipimo cha bei kinashindwa kuyabeba yote mawili. Yanabebeka pale tu tunapokubali kwamba kinacholindwa ni kule kukutana kwenyewe: mwenye kuuza awafikie wanunuzi wote, wenye kununua wawafikie wauzaji wote, na mtu mmoja asikae katikati akawa yeye ndiye mlango. Jabir anapolipokea katazo la pili analitaja pamoja na sababu yake, kwamba watu waachwe, Mungu awaruzuku wao kwa wao.

Kuhodhi nako kumezungumzwa kwa mtindo huo huo. Hadithi iliyomo kwa Muslim kutoka kwa Maamar bin Abdullah inamwita mwenye kuhodhi mkosaji, basi, bila kutaja bei. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, yalilifunga katazo hilo kwenye vyakula: kuficha nafaka watu wakiwa na dhiki ni dhambi, kuficha vitambaa siyo. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyefariki mwaka 798, aliliacha wazi, kwamba chochote ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni kuhodhi. Naelemea kwa Abu Yusuf, ingawa sioni kwamba Mashafi walikosea kuhusu zama zao. Aliyenyimwa nafaka ndiye aliyekuwa hana pa kwenda kweli kweli. Aliyekosa hariri angevaa pamba. Sababu hiyo hiyo leo inavifikia saruji, dawa, na mtambo wa simu unaopitisha mshahara wa mtu na ada ya mwanawe.

Ushahidi usiotajwa sana, na ambao kwangu una uzito kuliko wote, ni wa wagawaji. Mirathi na mashamba ya ubia vilihitaji mtu wa kuvipima na kuvigawa kwa ujira. Abu Hanifa na wafuasi wake walisema wagawaji hao wasiachwe wakaungana kuwa shirika moja, kwa sababu watu wanawahitaji, na wakiungana ujira utapanda. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilirudia hilo katika risala yake kuhusu hisba, yaani usimamizi wa soko na maadili ya umma, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaongeza kwamba msimamizi wa soko awazuie vile vile waosha maiti na wachukuzi wao wasifanye ushirika. Hapa hapahitaji mchumi. Maiti iko ndani, haiwezi kungoja, wafiwa hawawezi kuzunguka mji wakiuliza bei. Waosha maiti watano wanaoshindana ni watu wanaotafuta riziki. Hao hao watano wakishapatana ujira, wafiwa wako mikononi mwao, hata kama ujira waliopatana ni wa haki. Mwezi Agosti mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwatoza wazalishaji tisa wa chuma faini ya takriban shilingi milioni 338 kwa kupatana bei na kubana uagizaji wa baadhi ya malighafi. Kosa hilo sheria za leo huliita njama ya kupanga bei, na wengi hudhani lilibuniwa Washington. Mafakihi wa Kufa walikwisha kulikamata kwa wapima mashamba.

Ibn Taymiyya huyo huyo anatatua na lile fumbo la bei. Ikiwa watu wamewekewa kwamba bidhaa fulani haiuzwi ila na watu maalumu, anasema, hapo kupanga bei kunakuwa wajibu, kwa kuwa kuwaachia wajipangie ni kuwadhulumu wanunuzi, na kuwaachia wanunue kwa bei waitakayo ni kuwadhulumu wenye mali. Kwa hiyo kukataa kupanga bei kulikuwa na sharti: njia iwe wazi. Ikifungwa, hata kwa sababu halali, bei haiwezi tena kuitwa ya Mungu. Sioni maelezo bora kuliko hayo ya kwa nini EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Tanzania, hutangaza bei kikomo ya petroli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ilhali haitangazi bei ya nyanya. Mafuta yanaingia Tanzania kwa zabuni ya pamoja, kwa mlango uliokusudiwa uwe mmoja. Nyanya zinaingia Kariakoo kwa milango isiyohesabika.

Wagiriki waliliona jambo hili kwa pembe nyingine. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anasimulia juu ya mtu wa Sisilia aliyenunua chuma chote kutoka machimboni, wafanyabiashara walipokuja akawa yeye peke yake wa kuwauzia, na bila kupandisha sana bei akavuna talanta mia moja juu ya hamsini. Dionysius, mtawala wa Syracuse, alimwambia abaki na pesa zake lakini aondoke mjini. Faida hakuichukua, na hilo ndilo la kuzingatia. Alimfukuza kwa sababu alikuwa amegundua njia yenye madhara kwa mambo yake mtawala. Dionysius alikuwa dikteta, hakuwa na uchungu na wanunuzi wa chuma. Alichotambua ni mshindani wa utawala, kama mwizi anavyomtambua mwizi mwenzake. Sherman alisema jambo lenye sura hiyo mbele ya Seneti mwaka 1890, safari hii kwa niaba ya raia: watu wasiomvumilia mfalme katika siasa hawana sababu ya kumvumilia mfalme juu ya uzalishaji, usafirishaji na uuzaji wa mahitaji yao. Na Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931 kuhusu utaratibu wa jamii, alilalamikia mamlaka ya kibabe juu ya uchumi yaliyokusanyika kwa wachache zaidi ya alivyoulalamikia utajiri wao.

Pingamizi kubwa linakuja na takwimu. Standard Oil ya John D. Rockefeller ilishika karibu biashara yote ya kusafisha mafuta Marekani, na katika miaka yake ya nguvu mafuta ya taa yalizidi kuwa rahisi, hayakuwa ghali. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoivunja mwaka 1911 ikawa kampuni 34, ni mlaji gani aliyekuwa ameonewa? Robert Bork, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliujenga mfumo mzima juu ya swali la namna hiyo: sheria ya ushindani ina kazi moja, manufaa ya mlaji, na penye bei ya chini na bidhaa nyingi serikali ikae kando. Mahakama za Marekani zilimfuata kwa miongo minne. Silipuuzi pingamizi hili. Mjane anayewasha taa kwa senti chache hawezi kulaumiwa kwa kumpenda Rockefeller. Lakini hebu tuitazame njia. Mwaka 1872 Rockefeller na wenzake walipatana na kampuni za reli kwamba mafuta yao yasafirishwe kwa nauli iliyopunguzwa, na zaidi ya hapo, kwa kila pipa la mshindani litakalobebwa na reli, sehemu ya nauli ya mshindani ilipwe kwao. Mpango ulifichuka, wachimbaji wa Pennsylvania wakaja juu, ukavunjika kabla haujafanya kazi. Ila katika miezi hiyo michache wasafishaji wengi wa Cleveland walikwisha kumuuzia mitambo yao, wakijua reli iko upande gani. Mtu anayelipwa kila mara mshindani wake anaposafirisha mzigo amekaa mahali pale pale alipokaa yule aliyeuwahi msafara. Bei ya mafuta ya taa ingeweza kushuka nusu nzima, jambo hilo lisingebadilika.

Mwanafalsafa Philip Pettit, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uhuru, anakumbusha kwamba mtumwa wa bwana mpole ni mtumwa bado. Hapigwi, anakula vizuri, huenda hata anapendwa. Lakini kesho yake iko katika hisia za mtu mwingine. Sisi wa mwambao tunalifahamu hilo bila kufundishwa na profesa. Bei nzuri ya mwenye ukiritimba ni upole wa bwana. Inapokelewa, inashukuriwa, wala haithibitishi kwamba anayeipokea yuko huru.

Tena bei nzuri ya rafu ya dukani inaweza kulipwa na mtu ambaye mlaji hamwoni. Mwaka 2020 Mamlaka ya Kenya iliamua malalamiko ya Orchards, kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza maziwa ya mtindi katika maduka ya Carrefour, yanayoendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai. Yaliyolalamikiwa hayakuwa bei ya mtindi kwa mnunuzi. Yalikuwa masharti: makato ya lazima kwenye ankara ya muuzaji, bidhaa kurudishwa, mtengenezaji kutakiwa kupeleka watumishi wake wakafanye kazi katika duka la mnunuzi wake. Mamlaka ilisema hayo ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, na Baraza la Ushindani likaikataa rufaa mwaka 2021. Mwezi Desemba 2023 ikaja kesi nyingine, ya muuza asali na ya mtengeneza mafuta ya kupikia, na faini ya shilingi bilioni 1.1. Kwa kipimo cha Bork kesi hizi ni ngumu kuziona, maana makato yakimpunguzia mlaji shilingi mbili kwenye kikombe cha mtindi basi kila kitu kiko sawa. Kwa kipimo cha msafara zinaonekana mara moja. Mwenye mtindi ana siku chache kabla mali yake haijaharibika, maduka makubwa ya kumpokea yanahesabika kwa vidole, na mwenye duka anayajua yote mawili.

Atasimama mtu aseme: lakini alitia saini. Kurani yenyewe, katika Sura ya Nne, inaihalalisha biashara iliyo ya kuridhiana. Muuza mtindi aliridhia, sheria inaingilia kwa kisingizio gani? Hapa ndipo ile hiari ya mwenye msafara inapofaa kurudiwa. Yeye pia aliridhia. Alipatana bei, alipokea pesa, aliaga. Mtume hakukanusha ridhaa yake. Aliitia kasoro, akaiacha ingoje hadi mwenyewe afike mahali penye uchaguzi ndipo iwe kamili. Ridhaa ya mtu asiye na pa kwenda ni kauli ya kukata tamaa iliyoandikwa kwa lugha ya mkataba. Sisemi kila mwenye shida mkataba wake ni batili, maana biashara zote zingesimama. Njaa ni shida, na muuza chakula hajamdhulumu mwenye njaa. Tofauti iko kwa aliyeisababisha hali ya kukosa njia, au aliyejipanga makusudi aitumie.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Kampuni ilianza ndogo, ikabuni kitu kizuri, watu wakakipenda, ikakua. Mnamwadhibu aliyeshinda mbio kwa kuwa na miguu? M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mwaka 2007, na hakuna aliyelazimishwa kujiunga. Watu waliifuata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Safaricom ilitafuta mawakala kila kona, ikawafundisha, na ikawawekea sharti wasihudumie mtandao mwingine. Airtel ikalalamika, na mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa chini ya shinikizo la Mamlaka. Wapo waliosema huo ni unyang'anyi wa jasho la mtu. Sikubaliani, na sababu ni kile kilichoachwa bila kuguswa. Wateja wa Safaricom walibaki wake, jina likabaki lake, faida ikabaki yake. Kilichofunguliwa ni kibanda cha wakala, mtu aliyelipa kodi ya fremu yake, aliyeweka mtaji wake wa pesa taslimu, na aliyekuwa amekatazwa kumhudumia mteja aliyesimama mbele yake akiwa na laini ya rangi nyingine. Ushindi wa mbio ni wa mshindi. Uwanja haukuwa wake.

Lakini nakiri kwamba mpaka huo hauonekani wazi kila mara, na waliotangulia hawakujifanya unaonekana. Imo katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar alimpitia Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu sokoni, akamwambia ama apandishe bei au aondoke katika soko letu. Wengine wameona humo chanzo cha sheria dhidi ya kuuza kwa bei ya kuwaangusha wenzako. Imam Shafi, hata hivyo, aliipokea habari hiyo na mwisho wake: Umar alirudi akajihesabu nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani, akamwambia kwamba lile halikuwa amri wala hukumu, lilikuwa ni kheri aliyowatakia watu wa mji, basi na auze apendavyo. Nafurahi kwamba mwisho huo ulihifadhiwa. Mtu aliyeuza zabibu rahisi hakuwa amemfungia yeyote njia, na khalifa mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake aliona aibu kumsukuma. Wasimamizi wa ushindani wa leo, ambao kila bei ya chini huijia na shaka na kila bei ya juu vile vile, wangefaa kumkumbuka Umar akibisha hodi kwa Hatib.

Maana mfunga njia mkubwa kuliko wote katika historia yetu amekuwa dola. Mkataba wa biashara aliouafiki Sayyid Said na Waingereza mwaka 1839 uliwafungulia wafanyabiashara wao himaya yake, isipokuwa pembe na sandarusi katika Mrima, kuanzia Tangata hadi Kilwa. Bidhaa hizo mbili mtawala alizizuia. Baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar likawa mnunuzi pekee halali wa karafuu, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Baadhi yao walipakia magunia usiku kuelekea pwani ya Kenya. Serikali iliyaita magendo. Mimi nayaona kuwa ni mwenye msafara anayejitafutia mwenyewe ile hiari aliyonyimwa. Na mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, sheria maalumu iliwakamata watu kwa sabuni, sukari na vitambaa vilivyokutwa stoo, wakapelekwa mbele ya mahakama ambamo mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea. Nia ya Sokoine siitilii shaka. Watu walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Walanguzi walikuwepo na walikuwa na dhambi. Ila duka la kaya lilikuwa tupu kwa sababu uagizaji, usagaji, usambazaji na bei vyote vilipita katika mashirika ya umma yasiyokuwa na mshindani, na mlanguzi alikuwa akiishi kwenye ufa wa ukuta huo. Aliadhibiwa aliyeshika mzigo, mwenye njia hakuguswa. Sukari haikurudi kwa kamatakamata. Ilirudi milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa kuanzia mwaka 1984. Mtu anayetumia Hadithi za kuhodhi dhidi ya Mhindi au Mwarabu wa dukani lakini hazitumii dhidi ya bodi ya mazao hajazielewa, au amezielewa nusu inayomfaa.

Hapo linabaki suala la fidia, ambalo sheria zetu zimelifikiria kidogo kuliko mengine yote. Hadithi ya msafara haikumtoza faini mnunuzi wa njiani. Ilimpa muuzaji uwezo wa kuuvunja uuzaji. Haki ilirudi mkononi mwa yule yule aliyenyimwa, kwa sura ile ile aliyonyimwa, yaani uchaguzi. Uamuzi wa mtindi ulielekea huko, kwa sababu Mamlaka iliamuru makato yarudishwe na mikataba ya wauzaji irekebishwe. Wa chuma haukuelekea huko. Faini ya milioni 338 ni malipo kwa dola. Aliyenunua nondo kwa bei iliyopatanwa chumbani, akaishia kujenga vyumba viwili badala ya vitatu, hakuwa mdai katika shauri hilo na hakutajwa kama anayestahili kurudishiwa chochote. Kama kosa la wale tisa lilikuwa ni kupandisha bei tu, pengine faini inatosha kuwatia adabu. Kama lilikuwa ni kumfungia yeye njia, basi mwenye dai ni yeye, na dai lake bado liko wazi.